Nyota tano za mtandaoni: tuuamini ushahidi wa nani?

Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Usemi huo ulitungwa na watu waliokwenda sokoni kwa miguu yao na kununua kwa mikono yao. Anayeingia soko la Kongowea kule Mombasa, au Gikomba jijini Nairobi, hana haja ya kuambiwa na mtu kwamba nyanya zimeiva au kwamba kitambaa kimechakaa. Atabonyeza, atanusa, atavuta uzi, na akiwa na shaka atamtazama mchuuzi usoni. Hata akipunjwa leo, kesho atamkuta mchuuzi yule yule katika kibanda kile kile, na hapo maneno yatasemwa mbele ya watu.

Soko la mtandaoni limeyaondoa hayo yote. Mnunuzi haioni bidhaa ila picha yake, wala hamwoni mwuzaji ila jina, ambalo huenda si lake. Hulipa leo ili aletewe kesho kutwa, na aghalabu kitu hicho hutoka mji ambao hajapata kuukanyaga. Tulikuwa tukimcheka mtu aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia. Siku hizi sote twamnunua mbuzi wa namna hiyo kwa hiari yetu. Kinachotutia moyo ni zile nyota zilizopangwa chini ya picha, pamoja na maneno machache ya watu tusiowajua wanaodai kwamba walinunua kabla yetu na wakaridhika.

Nyota hizo ni nini hasa? Na ni wakati gani zastahili kuaminiwa? Hayo ndiyo ninayotaka tuyatafakari leo, wewe mwalimu mwenzangu na wewe mwanafunzi ambaye pengine unanunua vitabu na viatu kwa simu kuliko sisi wazee wako.

Nitaanza na kisa changu mwenyewe, kisa ambacho sehemu yake ya mwisho hainipi fahari. Nilitaka kumnunulia mama yangu taa ya sola, kwani umeme huko kwetu hukatika bila kubisha hodi. Nikaingia katika soko moja la mtandaoni ambalo sitalitaja. Niliiona taa iliyokuwa na wastani wa nyota 4.7, zilizotolewa na watu zaidi ya 300. Nikasema moyoni kwamba watu 300 hawawezi kukosea wote. Nikalipa Sh1,850. Taa ikafika kwa siku yake, ikawaka usiku wa kwanza, ikawaka usiku wa pili, na usiku wa tatu ikazima, isiwake tena.

Hapo ndipo niliporudi kuyasoma maneno yaliyokuwa chini ya nyota zile, kazi ambayo ningalipaswa kuifanya kabla ya kulipa. Mmoja aliisifu zipu, akisema kwamba haikwami. Mwingine alieleza kuwa mwanawe aliubeba shuleni muhula mzima na kamba zake hazikukatika. Wa tatu alipendezwa na mifuko ya pembeni. Nilikuwa nimenunua taa kwa ushahidi wa watu walionunua mkoba! Mwenye duka alikuwa na ukurasa wa mkoba uliosifiwa. Akabadilisha picha, akabadilisha jina la bidhaa na bei yake, lakini nyota akaziacha pale pale.

Hila hii si ya kwetu peke yetu. Mnamo Februari 2023, Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, ilitangaza kwamba kampuni ya vitamini iitwayo The Bountiful Company italipa dola 600,000. Kampuni hiyo ilishtakiwa kwa kuziunganisha bidhaa zake mpya na zile za zamani katika soko la Amazon, ili mpya zirithi nyota ambazo hazikuzichuma.

Tatizo linalozaa hila kama hizo lilielezwa na wataalamu zaidi ya nusu karne iliyopita. Mwaka wa 1970, mwanauchumi wa Marekani George Akerlof alichapisha makala mafupi kuhusu soko la magari yaliyokwisha kutumika. Hoja yake yaweza kueleweka hata na mwanafunzi wa kidato cha pili. Mwuzaji anayajua maradhi ya gari lake, mnunuzi hayajui. Kwa kuwa mnunuzi hana njia ya kulitenga gari zima na gari bovu, hukataa kutoa bei ya gari zima, akatoa bei ya katikati. Mwenye gari zima akiona hivyo huliondoa sokoni. Yanayobaki ni mabovu, na mnunuzi akilitambua hilo hushusha bei tena, hadi soko lenyewe likaribie kufa. Akerlof alituzwa Nobel ya uchumi mwaka wa 2001, pamoja na Michael Spence na Joseph Stiglitz. Funzo tunalolipata kwake ni kwamba mwongo sokoni hamdhuru mnunuzi peke yake. Humfukuza pia mwuzaji mwaminifu.

Kama soko la watu wasiojuana lina hatari kubwa kiasi hicho, biashara ya mbali iliwezekanaje hapo kale? Iliwezekana kwa sababu ya jina la mtu. Katika sinagogi moja la Fustat, mji mkongwe ambao sasa ni sehemu ya Cairo, zilihifadhiwa barua nyingi za wafanyabiashara Wayahudi wa karne ya 11 waliopeleka mali kwa mawakala wao ng'ambo ya bahari ya Mediterania. Mwanahistoria wa uchumi Avner Greif alizichunguza barua hizo, na mwaka wa 1989 akaonyesha kwamba wafanyabiashara wale walikuwa wakipashana habari za mawakala wao. Wakala aliyemdhulumu mmoja wao alisusiwa na wote.

Pwani yetu nayo ilikuwa na utaratibu wake. Katika karne ya 19, tajiri wa Unguja Taria Topan alimkopesha bidhaa Hamed bin Muhammed, yule aliyejulikana zaidi kama Tippu Tip, naye akaondoka nazo kwenda bara kwa safari za miaka. Tajiri hakuweza kumfuata hadi Tanganyika na Kongo. Alitegemea jina la mkopaji, jamaa zake waliobaki nyuma na habari ambazo misafara ilizileta pwani. Sisemi kwamba biashara ile ilikuwa safi. Watumwa waliosukumwa katika misafara hiyo ni shahidi kwamba wafanyabiashara waweza kuaminiana wao kwa wao huku wakiwadhulumu wengine. Nasema tu kwamba mkopo ulisimama juu ya sifa, na sifa ilisimama juu ya watu waliojuana.

Mtandao umeichukua sifa hiyo ukaiandika kwa tarakimu. Mnamo Septemba 1995, Pierre Omidyar alifungua huko California soko la mnada ambalo baadaye liliitwa eBay. Inasimuliwa kwamba kitu cha kwanza kuuzwa humo kilikuwa kielekezi cha mwanga wa leza kilichovunjika, nacho kilinunuliwa kwa dola 14.83. Mnunuzi alipoulizwa kama alifahamu kuwa kimeharibika, alijibu kwamba yeye hukusanya vielekezi vilivyoharibika. Kitu kibovu kilipata mteja kwa sababu ubovu wake ulisemwa wazi. Mapema mwaka wa 1996 Omidyar aliongeza mahali ambapo mnunuzi na mwuzaji wangeweza kusifiana au kulaumiana hadharani, kila mmoja akiongezewa pointi au akipunguziwa. Wazo hilo limeenea hadi kwenye hoteli, teksi, vitabu na kazi za vibarua wa mtandaoni.

Je, nyota hizo zina thamani yoyote? Naam, zinayo. Paul Resnick na wenzake walishirikiana na mwuzaji mkongwe wa kadi za posta katika eBay, akauza kadi za namna moja kwa jina lake lenye sifa na pia kwa majina mapya yasiyojulikana na mtu. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka wa 2006, yalionyesha kwamba wanunuzi walikuwa tayari kulipa takriban asilimia 8.1 zaidi kwa lile jina lenye sifa. Mwuzaji alikuwa yule yule na kadi zilikuwa za aina ile ile. Tofauti ilikuwa ushahidi wa waliotangulia.

Mwaka wa 2011 naye Michael Luca wa Chuo Kikuu cha Harvard alichunguza mikahawa ya mji wa Seattle, Marekani. Aligundua kwamba nyota moja zaidi katika Yelp iliongeza mapato ya mkahawa kwa asilimia 5 hadi 9. Nyongeza hiyo ilipatikana katika mikahawa ya watu binafsi. Ile ya kampuni kubwa zenye matawi kila mahali haikuguswa, kwani hizo watu walikuwa wakizijua tayari. Kwa maneno mengine, nyota humfaa zaidi yule asiyejulikana.

Kuna uchunguzi mwingine unaotugusa sisi Waafrika kwa karibu. Ruomeng Cui, Jun Li na Dennis Zhang waliwaandikia wenye nyumba za Airbnb nchini Marekani maombi ya kulala kwao, mengine yakiwa na majina ya Kizungu na mengine yakiwa na majina yanayotambulikana kuwa ya Wamarekani weusi. Mwombaji alipokuwa hana ushuhuda wowote, wale wenye majina ya Kizungu walikubaliwa zaidi, kwa tofauti ya asilimia 19 hivi. Alipokuwa na ushuhuda mmoja tu mzuri kutoka kwa mwenyeji wa awali, pengo hilo halikuonekana tena. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka wa 2020. Nawaomba vijana wetu wayatafakari. Msichana wa Eldoret anayemchorea nembo mteja wa Chicago hana mjomba wa kumtambulisha huko. Maneno mawili ya kweli kutoka kwa mteja wake wa kwanza ndiyo barua yake ya utambulisho, na yaweza kumfungulia mlango ambao jina lake lingeufunga.

Kwa hivyo sikubaliani na wale wanaosema kwamba nyota zote ni uongo na tuzipuuze. Hata hivyo, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mara tu sifa ilipoanza kuleta fedha, sifa yenyewe ikageuka bidhaa ya kuuzwa.

Sikiliza kisa cha Oobah Butler, kijana wa London aliyewahi kulipwa pauni 10 kwa kila ushuhuda wa uongo aliouandikia mikahawa asiyopata kula. Mwaka wa 2017 aliamua kujaribu jambo kubwa zaidi. Alikuwa akiishi katika kibanda kilichokuwa nyuma ya nyumba, huko Dulwich. Akakiandikisha kibanda hicho katika TripAdvisor kama mkahawa, akapiga picha za vyakula vilivyotengenezwa kwa povu la kunyolea na rangi, kisha akawaomba marafiki zake waandike sifa. Watu wakaanza kupiga simu kuomba nafasi, naye akawaambia kwamba nafasi zimejaa kwa majuma kadhaa. Kufikia Novemba mwaka huo, mkahawa ambao haukuwa umempakulia mtu sahani moja ulikuwa wa kwanza kati ya mikahawa zaidi ya 18,000 ya London.

Kisa hicho ni cha kuchekesha, ila biashara iliyo nyuma yake si ya mzaha. Mnamo Septemba 2020, baada ya uchunguzi wa gazeti la Financial Times, Amazon ilifuta maoni 20,000 hivi yaliyokuwa yameandikwa na baadhi ya washauri wake mashuhuri zaidi nchini Uingereza. Mnamo Julai 2022 kampuni hiyo ikawashtaki wasimamizi wa makundi zaidi ya 10,000 ya Facebook, ambako watu walikuwa wakipewa fedha au bidhaa za bure ili wasifu. Isitoshe, tangu ChatGPT ilipotolewa mnamo Novemba 2022, mtu hahitaji tena marafiki wa kumwandikia uongo. Programu ya akili unde humwandikia sifa 100 kwa mitindo 100 kabla maji ya chai hayajachemka.

Uongo wa kununuliwa, hata hivyo, ni nusu tu ya tatizo. Nusu ya pili ni woga na haya. Hapo awali katika eBay mwuzaji aliyelaumiwa aliweza kumlaumu mnunuzi naye, na kwa kuogopa kulipizwa kisasi wengi walinyamaza. Ndiyo sababu mwaka wa 2008 eBay iliwazuia wauzaji kuwaandikia wanunuzi lawama. Airbnb nayo mwaka wa 2014 iliamua kwamba maneno ya mgeni na ya mwenyeji yafichwe hadi wote wawili wawe wameandika, au siku 14 ziwe zimepita. Hata hivyo, haya haikuisha. Uchunguzi wa Georgios Zervas na wenzake wa mwaka wa 2015 ulionyesha kwamba karibu asilimia 95 ya nyumba za Airbnb zilikuwa na wastani wa nyota 4.5 au 5. Kila nyumba ni bora kuliko ya jirani yake!

Sisi walimu tunaufahamu ugonjwa huu. Katika mtihani wa KCSE wa 2015, watahiniwa zaidi ya 2,600 walipata gredi ya A. Mwaka uliofuata usimamizi ulikazwa, na waliopata A wakawa 141. Sidhani kuna mtu aliyeamini kwamba akili za watoto wa Kenya zilinyauka kwa miezi 12. Alama isiyosimamiwa hupanda, na ikishapanda haimsaidii tena mwenye kuisoma. Anayeumia kuliko wote ni yule mtoto aliyepata A yake kwa jasho, kwa sababu hakuna awezaye kumtenga na wengine. Huko ni kurudi kule kule kwa Akerlof na magari yake.

Sasa nirudi kwenye taa ya mama. Baada ya kugundua kwamba nimepunjwa niliandika ushuhuda wangu, nikatoa nyota moja na kueleza kilichotokea. Siku ya pili simu ikalia. Alikuwa kijana mwenye sauti ya adabu.

"Habari yako mzee. Pole sana kwa usumbufu. Tutakurudishia pesa zako zote, na tukuongezee Sh300. Ombi letu ni moja tu, utuondolee yale maneno."

Nikamwuliza kama wataiondoa taa ile sokoni. Akasema kwamba hilo si la idara yake. Nilikuwa na madaftari ya kusahihisha, na Sh2,150 si fedha za kutupa. Nikakubali. Fedha zikaingia katika M-Pesa kabla sijaketi, nami nikayafuta maneno yangu.

Majuma mawili baadaye, katika chumba cha walimu, mwenzangu mmoja alininyoshea simu yake. "Mwalimu, hebu nitazamie taa hii," akaniambia. "Nataka kumpelekea mama nyumbani." Nilitazama. Ilikuwa taa ile ile, na sasa ilikuwa na nyota 4.8. Nikamwambia asithubutu kuinunua. Akashangaa. "Mbona basi hakuna hata mmoja aliyelalamika?"

Sikuwa na jibu la haraka. Aliyelalamika alikuwa mimi, nami nilikuwa nimelipwa ninyamaze. Zile Sh1,850 zilikuwa haki yangu na ningerudishiwa bila sharti lolote. Zile Sh300 zilikuwa bei ya kimya changu. Mwenzangu aliokoka kwa sababu aliketi meza moja nami. Wengine waliokuwa wakiutazama ukurasa ule siku hiyo hawakuwa na mwalimu wa kuwanong'oneza, na kwao kimya changu kilikuwa uongo sawa na ule wa mtu aliyelipwa kusifu. Jioni nilirudi mtandaoni ili niandike upya. Duka halikuwapo tena chini ya jina lile. Taa ilikuwapo, katika duka lenye jina jipya lisilo na doa, na ushuhuda wangu haukuwa na mtu wa kumwangukia.

Nimekisimulia kisa hiki kwa sababu kimenifundisha nyota ni nini. Nyota ni ushahidi. Mbele ya hakimu hatuulizi tu kwamba shahidi amesema nini. Twauliza kama alikuwapo, kama amelipwa, kama anaogopa, na kama anaweza kupatikana iwapo itabainika kuwa amesema uongo. Ushahidi usiopita katika maswali hayo haufai kitu, hata wakiwa mashahidi 300.

Haki ya anayeshuhudiwa nayo isisahauliwe. Dereva wa teksi za programu, kama zile za Uber zilizoingia Nairobi mwaka wa 2015, huhukumiwa kwa nyota baada ya safari. Mwanafunzi akipata alama 80 kwa 100, nyumbani huchinjwa kuku. Nyota nne kwa tano ni alama 80 hizo hizo, lakini dereva ambaye wastani wake umeshuka hadi hapo huwa katika hatari ya kufungiwa kazi. Abiria mwenye hasira humwadhibu kwa msongamano wa magari ambao hakuusababisha yeye. Akihama kampuni, huanza upya kama mtoto mchanga, kwani sifa aliyoichuma kwa miaka imebaki kule alikotoka. Ugumu wa kuanza bila nyota ndio uliozaa pia ile biashara ya kukodisha na kuuziana akaunti zenye sifa katika masoko ya kazi za mtandaoni. Mteja hudhani anamwajiri fulani aliyesifiwa, kumbe kazi inafanywa na mtu mwingine kabisa. Kijana anayenunua akaunti kama hiyo ajue kwamba amevaa joho la mahafali ya mwenzake.

Serikali za mbali zimeanza kuchukua hatua. Kanuni ya FTC iliyoanza kutumika Marekani tarehe 21 Oktoba 2024 inapiga marufuku ushuhuda wa uongo, ukiwamo ule ulioandikwa na akili unde. Inakataza pia kulipia ushuhuda kwa sharti kwamba uwe wa sifa au wa lawama, pamoja na kuwatisha wateja ili wayafute maneno yao. Nchini Uingereza, sheria ya mwaka wa 2024 iliyoanza kutumika katika jambo hili tarehe 6 Aprili 2025 inayataka masoko yenyewe yachukue hatua za kuzuia ushuhuda bandia, na adhabu yaweza kufikia asilimia 10 ya mapato ya kampuni duniani kote.

Sisi Wakenya hatuko mikono mitupu. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya bidhaa za ubora unaofaa na haki ya kupata habari zinazohitajika ili anufaike nazo. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inakataza maelezo ya uongo kuhusu bidhaa. Lakini sheria hiyo iliandikwa kabla masoko haya hayajaenea nchini, na mteja aliyeuziwa taa kwa sifa za mkoba hahitaji kufumbuliwa fumbo la kisheria. Anahitaji mambo matatu yasemwe waziwazi. Kwanza, soko lionyeshe ni nani miongoni mwa wanaoshuhudia aliyenunua kweli, na alinunua kitu gani. Pili, iwe hatia kumlipa mteja ili asifu au anyamaze. Tatu, mwuzaji asajiliwe kwa kitambulisho chake, ili akibadilisha jina la duka lawama zake zimfuate. Haya hayahitaji mitambo mipya. Masoko haya yanajua ni nani aliyelipa, kwa simu ipi na saa ngapi. Kinachokosekana ni nia.

Tungojapo sheria, shule inaweza kuanza leo. Ujuzi wa kidijitali ni miongoni mwa umilisi wa kimsingi katika mtaala wetu mpya, na sioni somo lililo bora zaidi kwa shughuli hiyo. Mwalimu wa hisabati aulize: ni kipi cha kuaminiwa zaidi, wastani wa nyota 5 uliotoka kwa watu wanne, au wa nyota 4.6 uliotoka kwa watu 900? Mwalimu wa Kiswahili awape wanafunzi ushuhuda kumi, wautafute ule unaotaja jambo mahususi na ule unaosifu bila kusema lolote. Wafundishwe kutazama tarehe, kwani sifa 50 zilizoandikwa kwa siku mbili ni ishara mbaya. Wafundishwe pia kuanza na walioridhika nusu nusu, wale wa nyota tatu, ambao aghalabu hawana sababu ya kusifu wala ya kulipiza kisasi.

Zaidi ya yote, wafundishwe kuandika. Anayenunua mtandaoni akikaa kimya hula jasho la walioshuhudia kabla yake bila kumwachia kitu atakayemfuata. Tuandike tulichokiona, kwa haki, bila matusi. Tumsifu mwuzaji mwema kwa jambo alilolitenda, kwani sifa hiyo yaweza kuwa ndiyo mtaji wake wa pekee. Tumlaumu mbaya kwa jambo alilolitenda. Na simu ikilia, sauti ya adabu ikituahidi Sh300, tuzikatae, maneno yetu yabaki pale pale. Mgema husifiwa na wanywaji, na tembo likitiwa maji, wanywaji ndio wa kusema.